Mtamba Aliyekula Ralitsa

Zdravka Minkova aliingia maabara ya dawa za mimea mjini Sofia akiwa na miaka kumi na tisa, kazi yake kuosha chupa. Alistaafu miaka thelathini na minne baadaye, cheti hana, lakini hakuna aliyemshinda kutoa sumu kwenye mbegu za ua la ralitsa. Alizisaga, akaziloweka kwenye spiriti, akachuja na kuchuja tena, mpaka ndani ya bilauri ikabaki alkaloidi, sumu yenyewe, unga mweupe mithili ya chumvi.

"Usilambe kidole humu, binti," mkuu wake alimwambia siku ya kwanza. "Hii inakaa mlangoni pa msuli kama ufunguo usio wake. Mshipa wa fahamu unabisha hodi, msuli hausikii. Mwisho hata kifua hakipandi."

Aliporudi kijijini alipanda ralitsa mbele ya nyumba, za buluu na za waridi. Alizipenda, basi.

Mwezi wa Mei, miche ikiwa michanga na sumu yake kali, mtamba wa jirani yake Gencho alivunja uzio akala mstari mzima. Hakufika mbali. Miguu ilimtetemeka, akapiga magoti kwenye mteremko, akaanguka ubavu.

Gencho akaja mbio na kisu. "We Zdravka! Maua yako yameniulia mnyama! Nimchinje kabla hajawa mzoga!"

"Weka kisu. Nyama hiyo utamlisha nani, mkeo?"

"Sasa tufanyeje?"

"Tumwinue alalie kifua, kichwa kielekee upande wa juu wa mteremko. Usimpige, usimkurupushe. Tumbo likijaa hewa, ndiyo basi tena."

"Udaktari wa ng'ombe umesomea wapi wewe?"

"Sikusoma. Nimeosha chupa."

Wakamwegemeza kwa magunia ya nyasi kavu. Zdravka akaketi, mgongo wake begani mwa mnyama, akisikiliza pumzi. Hakuwa na hakika. Maabarani alikuwa ameona panya tu, na panya wale walikufa. Hilo hakumwambia Gencho.

Saa nane mchana mtamba alisimama, akayumba, akanya, akaenda zake.

Gencho hakushukuru. Kesho yake alizungusha uzio mpya wa waya, bila kuombwa, akinung'unika kwamba mtu mwenye akili hupanda vitunguu. Zdravka alimpelekea kahawa, kisha akainama kupanda upya mstari ulioliwa.