Mlinzi Aliyesoma Kigiriki

Jumanne nilipigiwa simu kwamba yule mlinzi wa ofisi yetu ya Midrand, Afrika Kusini, amefariki, Mkongomani aliyetufungulia lango tangu 2015. Wenzangu kazini walimjua kwa salamu tu. Mimi nilimjua kwa Kigiriki chake.

Alisomea uchungaji kwao Kivu mpaka vita vikamkimbiza, akafika Johannesburg na Agano Jipya la Kigiriki na daftari moja. Karatasi yake ya ukimbizi haikumruhusu kuvuka mpaka, na vyuo viliikataa, basi akakaa kwenye kibanda cha bati cha mlinzi, pale langoni petu, akisoma kati ya gari na gari. Saa ya chakula nilikwenda kunywa chai naye. "Ndugu, hii lugha iko na subira," aliniambia. "Neno moja linakuomba siku mzima." Alinionyesha kwamba maneno Injili, Biblia, hata askofu, yote asili yake ni Kigiriki. Nikawa mwanafunzi wake wa pekee. Alitaka kitu kimoja tu maishani: apewe darasa, hata la watu watano.

Kanisa letu la Doornfontein, mjini Johannesburg, tuliposali sote wawili, lilimwahidi darasa hilo. Jumapili moja kabla halijaanza, mchungaji akahubiri kama wahubiri wetu wapendavyo: "Kwa Kigiriki, mtumishi maana yake ni mtu asiyehojiwa!" Ukumbi ukajaa amina. Yule bwana akasimama na sare yake ya kazi. "Pasta, pardon, haiko vile. Neno ile ni mtumwa." Kisha akanigeukia. "Ndugu, si tulisoma juzi? Uwaambie."

Mimi ni mzee wa kanisa, na mwezi ule mchungaji alikuwa ambatize mwanangu. Nikatazama viatu vyangu. Darasa halikuanza kamwe. Jumatatu alinifungulia lango kama kawaida, akaniuliza habari za watoto, lakini daftari hakulitoa tena. Hakunilaumu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Jumamosi tulimzika. Mchungaji akasema, "Kwa Kigiriki, kulala mauti maana yake..." akamalizia alivyojisikia. Maana yake niliijua, nilifundishwa kibandani. Nikaitikia amina pamoja na wengine.

Wasomaji wangu, vita, karatasi na kibanda vilimfungia yule bwana, nami sikuwa na uwezo juu ya hivyo. Lango moja tu lilikuwa mikononi mwangu. Yeye alinifungulia lake kila asubuhi. Mimi langu sikulifungua hata alipokuwa kwenye jeneza.