Kopo la Mistari Mitatu

Mama yangu hakuikubali methali inayosema maji yakimwagika hayazoleki. Akiisikia alicheka, akasema aliyeitunga hakuwa na beseni.

Sisi tulikuwa nalo. La plastiki, la buluu, lina ufa aliouziba mwenyewe kwa kuyeyusha mfuko motoni. Tukioga tulisimama ndani yake, kwa sababu maji ya kuogea hayakuruhusiwa kugusa ardhi. Yaliyotoka mwilini yalifulia matambara, kisha yakapiga deki chumbani, na yaliyobaki, meusi tii, ulipewa mrehani uliopandwa kwenye debe la mafuta kando ya mlango. Mrehani wenyewe uliota vizuri tu. Mama alisema umezoea shida kuliko sisi, na haunung'uniki.

Tulikaa Kismayu, ukingoni mwa mji, chumba kimoja na ua tuliochangia na majirani. Kisima cha uani kilikuwa cha maji ya chumvi. Ukiogea, nywele zinasimama kama kamba ya katani. Maji matamu yaliletwa na gari la punda, na mwenye punda, mzee wa Kisomali aliyemwita mama eddo, shangazi, kwa heshima, alinadi maji yake kwa "Biyo! Biyo!" tangu kona ya mbali. Siku nyingine alipita na sisi tukanyamaza ndani kama hatupo. Mama alituwekea kidole mdomoni huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Sisi watoto tulidhani ni mchezo. Tulikuwa watatu, mimi na wadogo zangu wawili wa kiume, na baba alikwenda kutafuta kazi bandari za mbali, akaleta salamu mara mbili, kisha salamu zikakatika.

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, lile kubwa. Mama alilikwaruza kwa msumari, mistari mitatu. Wa juu kabisa, karibu na ukingo, ulikuwa wa mgeni. Wa katikati ulikuwa wetu. Wa chini, ambao haukufika hata nusu ya kopo, ulikuwa wake. Kila mtu kopo moja la kuogea, mpaka mstari wake, basi. Niliwahi kumuuliza mbona wake uko chini hivyo, na yeye ndiye mwenye mwili mkubwa kuliko sisi sote. Alijibu kwamba ngozi ya mtu mzima imekwisha kuzoeana na maji, haihitaji kubembelezwa. Nikaamini. Mtoto akipewa jibu kwa kicheko huliamini.

Na alijua kutuchekesha. Aliyeoga mwili mzima akabakisha maji kwenye kopo aliitwa nahodha, na nahodha ndiye aliyekula ukoko wa wali, siku tulipopika wali. Wadogo zangu walifanya hila, wakalowesha uso na miguu tu, wakatoka wakitembea kwa madaha. Mama aliwainamia akawanusa shingoni mmoja baada ya mwingine, akatangaza kwamba leo chombo hakina nahodha, kina papa wakavu wawili. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Nasema haya kwa sababu siku hizi nasikia watu wakisifu subira ya maskini. Wanasema hali ngumu humfunza mtu, kwamba furaha haihitaji vitu. Hao wanaosema wamekwisha kuoga. Mimi kicheko cha mama nilikipenda, na sasa nakionea uchungu, kwa sababu najua kilikuwa kinaziba nini.

Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja kumtembelea kila Jumamosi. Alikuwa somo wake, rafiki wa tangu utotoni, wamezaliwa mwaka mmoja Koyama na wamekimbia kisiwa siku moja, katika mashua moja, vita vilipofika. Akija yeye, mama alijaza kopo mpaka mstari wa mgeni na kumwekea maji ya kunawa na kutawadhia, na somo alikataa, wakavutana mpaka mmoja akachoka. Kisha walikaa chini kushona kofia na kuongea. Hapo ndipo niliposikia habari za birika.

Koyama, kando ya msikiti, palikuwa na birika la kukingia maji ya mvua. Masika yakiwa mazuri lilijaa likafurika, na yale yaliyofurika yalikuwa hayana mwenyewe. Wasichana walikwenda na vibuyu wakamwagiana kichwani. Mama alikuwa hasimulii sana mambo ya kisiwani, nyumba waliyoiacha hakuitaja kabisa, lakini hili alilisimulia huku amefumba macho.

"Wakumbuka yale mai?" alimwuliza somo wake kwa lugha ya kisiwani, ambamo mtu huwa mchu na maji huwa mai. "Kula mchu akimwagiwa mpaka apige kelele basi, basi!"

"Wewe hukusema basi hata siku moya," somo alimjibu. "Ulikuwa wanyamaza tu, wataka mengine."

Mama alicheka, akafumbua macho, akatazama kopo lililokuwa juu ya mtungi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Siku ile niliapa moyoni kwamba mama yangu ataoga tena kama vile kabla hajafa. Ataoga mpaka aseme basi. Sikumwambia mtu. Wengine huapa kujenga nyumba au kumpeleka mzazi Makka. Mimi niliapa maji.

Ilichukua miaka mingi. Nilijifunza kushona madera, nikapata cherehani ya mkono, kisha ya mguu. Wadogo zangu walivuka kwenda Mombasa, wakaoa huko. Mimi niliolewa, nikaachika, nikarudi kwa mama, na yeye alinipokea kwa kuniambia mstari wangu bado uko palepale, haujafutika. Nililia, naye akasema nilie ndani ya beseni, yasipotee. Hapo nikacheka kwa lazima.

Hatimaye nikaleta tangi. Tangi jeusi la plastiki, refu kunipita mimi, nikaliweka uani juu ya matofali, na boza la maji likaja likalijaza mpaka juu. Mama alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa vidole kama mtu anayechagua tikiti, akaniombea dua ndefu iliyonifanya nitazame chini. Kisha akafungua bomba, akakinga kopo, maji yakafika mstari wa chini, akafunga.

"Mama," nilimwambia, "tangi limejaa."

"Naliona."

"Basi oga. Oga leo mpaka uchoke."

"Ijumaa," alisema. "Leo ni Jumanne, nani anajipamba Jumanne?"

Ijumaa ilipofika alisema atasubiri Idi. Idi ikaja, majirani wakaja kuomba maji ya kupikia, akawapa bila kupima, kisha mwenyewe akaogea kopo lake mpaka mstari wake, ndani ya beseni, akamwagilia mrehani. Nilikasirika. Nina hasira za karibu, nazijua. Nilimwambia ananidhalilisha, kwamba nimeinamia cherehani mpaka mgongo umepinda ili yeye aoge, na yeye analifanya tangi langu kama pambo la uani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema hajui afanyeje, mkono wake wenyewe hufunga bomba. Akasema akiona maji yanakwenda ardhini, moyo humpasuka.

Alisema hivyo bila kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo la maji bila kucheka, nami nilikuwa nimekwisha kumgeuzia mgongo.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba. Alisema ni joto. Uso ulipovimba nikampeleka kwa daktari, kwa nguvu. Daktari alimbonyeza vifundo vya miguu, akampima hiki na kile, akataja figo, halafu akamwuliza kwa siku anakunywa maji kiasi gani. Mama alijiweka sawa kitini. Alikuwa anaulizwa jambo analoliweza.

"Mimi sina makuu, daktari," alisema. "Bilauri moja asubuhi, moja jioni, yanitosha."

Alikuwa anajivuna, mama yangu. Daktari hakumkaripia. Aliacha kuandika, akatazama karatasi yake, kisha akaendelea. Hakusema kwamba hicho ndicho kilichomponza, na mimi sikumwuliza, kwa sababu niliogopa atanijibu. Miaka yote ile nilikuwa nahesabu maji ya kuoga. Ya kunywa sikuyahesabu. Naye alikuwa anayapunguza huko huko pia, mbele ya macho yangu, na tangi limejaa.

Tulipofika nyumbani nilichukua kopo nikalitupa ukutani. Lilibonyea ubavuni. Mama alikuwa amelala kitandani akiniangalia kupitia mlango.

"Usilipige," alisema. "Hilo halina kosa. Lilete."

Nilimpelekea. Alilipapasa pale lilipobonyea, akakuta mistari bado iko, akaridhika. Kisha akanishika mkono akaniambia, haya, umeshinda wewe, Ijumaa hii naoga. Akaniambia nitayarishe sabuni ya kunukia na nimwite somo wake aje amsugue mgongo, kwa sababu mimi nina mikono ya cherehani. Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nilinunua sabuni. Nilinunua mpaka taulo jipya.

Alifariki Alhamisi asubuhi, baada ya sala, akiwa amelalia ubavu. Nilidhani amepitiwa na usingizi.

Somo wake alikuja kabla sijamaliza kupeleka habari. Hakulia mlangoni wala hakupiga kelele. Alipanga wanawake, akatuma majani ya mkunazi yaletwe na kafuri itafutwe, akaomba kitanda cha kamba. Wanaume walichimba ufuo chumbani, lile shimo la chini ya kitanda linalopokea maji ya josho, kisha wakatoka na mlango ukafungwa. Mama alilazwa juu ya kitanda, amefunikwa shuka. Nikaambiwa nisimame kichwani, karibu na ndoo, nichote na kupitisha maji.

Nilitoka uani kujaza ndoo kwenye tangi, nikarudi nayo, na bila kufikiri nikarudi tena nikaleta na beseni. Nikainama nikaliingiza chini ya kitanda, juu ya ufuo, nikaliweka sawa ili lipokee. Nilikuwa nimekwisha kuinuka na kujifuta mikono ndipo nikaona wanawake wote wameniangalia.

"Mwanangu," mmoja alisema taratibu, "beseni la nini?"

Jibu nililokuwa nalo ni la mrehani. Somo wake mama ndiye aliyeinama akalitoa, akalisimamisha ukutani.

Tukaanza. Nilichota kwa lile kopo, nikampa somo. Akamimina upande wa kulia, pole pole, mkono mwingine ukipita chini ya shuka. Nikachota tena, nikampa. Yalisikika maji na midomo ya wanawake ikisoma. Nilikuwa najitahidi nisiangalie miguu ya mama. Nikachota, nikampa, na safari hii hakupokea.

"Mbona kopo halijai?" aliniuliza.

Nikalitazama. Maji yalikuwa yamefika mstari wa chini, sawasawa, wala hayakuzidi kwa tone. Yote niliyochota asubuhi ile nilikuwa nimeyachota mpaka pale.

"Hiyo ndiyo haki yake," nilisema.

Nilisema kama mtu anayeeleza utaratibu wa nyumba kwa mgeni. Ndipo nikasikia nilichosema. Nikaushika mti wa kitanda. Somo wake alinitazama, na mwanamke yule aliyekuwa imara tangu alfajiri, kidevu kilianza kumcheza.

"Jaza," aliniambia. "Jaza, mwana wangu. Mchu huyu mai hakuyashiba tangu twatoka kwetu."

Nikajaza. Ilinibidi nijikaze ili mkono upite mstari wa kwanza, kisha wa pili. Nilijaza mpaka mstari wa mgeni, nikampa, akammwagia. Maji yakashuka mabegani, yakapita katikati ya kamba za kitanda, yakaingia ufuoni. Nikajaza tena. Josho la tatu lilipokwisha wakaniuliza kama yatosha, nikasema yafike matano. La mwisho lilikuwa la maji ya kafuri. Nilisikiliza kwa makini, Mungu anisamehe, kana kwamba atasema basi.

Kopo la mwisho kabisa nililijaza kupita mistari yote, mpaka ukingoni. Nilipolinyanyua lilinicheza pale lilipobonyea, na maji yakaruka, yakamwagika sakafuni, nje ya ufuo, mahali ambapo hayakumfaa mtu yeyote. Nikageuka haraka nikatazama uso wake.

"Niwie radhi, mama," nikasema.