Jina Tulilompa Kambwa

Siku niliyoyaona haya nilikuwa nimeshiba, sina homa, na jua lilikuwa utosini. Naanza na hayo matatu kwa sababu ndiyo watu wanayoniulizaga kila nikisimulia: ulikuwa na njaa, ulikuwa na malaria, au ilikuwa usiku? Hapana. Ilikuwa mchana kweupe, njia ya kutoka Suguti, na hata leo ukinipeleka kanisani nikashika Biblia nitasema hivi hivi nilivyoandika hapa.

Kwanza unijue kidogo. Sasa hivi nakaa Bweri, hapa Musoma, nauza mitumba, na bado naota kusoma taarifa ya habari redioni ingawa shule yangu iliishia darasa la saba. Wateja wakipungua nashika henga ya nguo kama maikrofoni natangaza bei za sketi. Watu wanacheka, na mimi nacheka nao. Mimi sio mtu wa kuogopa ovyo. Lakini nikimsikia mtoto anamchezea mbwa mpaka mbwa analia, nywele zinanisimama, na leo nitakwambia kwa nini.

Tulikuwa tunakaa Mugango, kando ya ziwa. Ni ile miaka ya shida, unaikumbuka kama umri wako unaruhusu: sabuni ya foleni, sukari ya foleni, watu wanafulia majani ya mpapai. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Magesa sita. Vitu vya kuchezea tungevitoa wapi, wakati dukani hata kiberiti kilikuwa hakuna? Tulichokuwa nacho ni waya. Mjomba alikuwa anafanya kazi ya pamba Bunda, na kila akija kututembelea alituletea vipande vya waya vilivyofungia marobota. Tukatengeneza gari. Gari zuri kweli, tairi za ndala zilizokwisha, lina usukani, lina bodi. Kilichokosekana ni injini.

Mbwa wetu wa nyumbani alikuwa amezaa, na katoto kamoja tu ndiko kalikopona, ka rangi ya udongo, masikio yamelala. Magesa akakabeba.

"Injini hii hapa," akasema.

Tukakavisha waya shingoni, tukafunga kamba kutoka kwenye waya mpaka kwenye gari. Waya tuliukaza kwa kugongagonga na jiwe ili usichomoke barabarani. Kambwa kakavuta safari mbili, kakalala chini, kakakataa. Tulipotaka kukafungua, kamba ilitoka, waya ukagoma. Vidole vyetu havikuweza. Nikasema tutautoa kesho. Niamini, sikuwa na nia mbaya hata kidogo, nilikuwa nakapenda kambwa kale kuliko vitu vyote pale nyumbani. Kesho yake tukasahau.

Kakaanza kulia. Kutwa nzima kanalia. Na sisi wawili tukakaa kwenye kizingiti cha jiko tunajiuliza kanalilia nini.

Sasa hapa nieleze kitu, maana anayesoma anaweza kuwa si wa kwetu. Huku kwetu mtoto mchanga akilia bila sababu wazee wanasema anatafuta jina. Mkubwa wa ukoo anampakata, anaanza kumtajia waliokufa mmoja mmoja. Akifika kwa yule anayetaka kurudi kwa mtoto, mtoto ananyamaza. Ndiyo jina lake hilo, hata akibatizwa lingine. Wiki ile ile Bibi, mama yake baba, alikuwa amemfanyia hivyo mtoto wa jirani, na sisi tulichungulia mwanzo mpaka mwisho.

"Kanataka jina," Magesa akasema.

"Mbwa?"

"Si kanalia?"

Nikaona ana akili. Nikanyoosha miguu kama Bibi, nikakafunga kambwa na kipande cha kanga, nikakapakata. "Wewe ni Nyasatu? Basi nyamaza. Wewe ni Nyakwesi? Basi nyamaza." Nikayataja yote niliyokuwa nayasikia. Kanalia tu. Nilipomaliza wengine wote nikasema, "Wewe ni Nyangeta? Basi nyamaza." Nyangeta alikuwa mama mzazi wa Bibi. Alikufa zamani, mimi na Magesa hatujazaliwa.

Kakanyamaza pale pale. Kakanitazama usoni, kakageuza kichwa upande kama mtu anayesikiliza hodi.

Tulipiga makofi. Tulijisifu wiki nzima. Na tangu saa ile mbwa yule hakulia tena, wala kubweka. Hata wageni wakija alikuwa anafungua mdomo tu, sauti haitoki.

Mbwa akakua. Waya haukukua. Manyoya yakaufunika, na kwetu mbwa ni wa kulinda boma, hakuna anayempapasa, kwa hiyo hakuna aliyeujua. Baadaye akaanza kunuka. Bibi akamfukuza kwa fagio: "Toka hapa, unanuka kama mzoga." Akahamia kwenye yale majabali ya ufukweni wanakoanika dagaa. Sisi tulikuwa na mchezo mwingine tayari. Tulimsahau. Nikiandika neno hilo moyo unaniuma mpaka leo.

Mama akajifungua mtoto wa kike. Siku ya kwanza alilia kama watoto wote. Siku ya pili akakataa ziwa. Mama akambeba mpaka zahanati, mganga akampima, akasema mtoto hana homa, hana ugonjwa anaouona. Baba akaita wazee wa kanisa wakaomba. Mtoto analia. Bibi akasubiri wazee wa kanisa waondoke, halafu akampakata akaanza kutaja majina.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipotaja Nyangeta mtoto alikata kilio katikati. Akageuza kichwa upande. Sote tukashusha pumzi. Halafu akaanza tena, sauti ya chini, inakwaruza.

Bibi akakunja uso. "Ni huyu," akamwambia mama. "Ila hafiki."

"Hafiki vipi, mama?"

"Anasikia, lakini hafiki. Sijawahi kuona hivi."

Tangu hapo asubuhi anamwita Nyangeta, jioni anamwita Nyangeta. Siku ya nne mtoto alikuwa halii tena vizuri, anafungua mdomo tu, sauti haitoki. Sasa wewe unayesoma umeshaelewa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilielewa pia, ila niliogopa fimbo. Nikanyamaza mdogo wangu akiwa anakufa. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la waya.

Asubuhi ya siku ya tano wakanituma kwa shangazi, njia ya Suguti, nikalete maziwa ya mbuzi wajaribu kumdondoshea mtoto. Shangazi akanilisha ugali na samaki furu wa kukaanga, akanijazia kidumu, nikageuza. Jua lilikuwa kali, mchanga unaunguza nyayo. Pale njia inapopita katikati ya mawe makubwa, nikamkuta bibi mmoja amekaa juu ya jiwe. Kivuli kilikuwepo hatua mbili tu kutoka pale, yeye amekaa juani. Amejifunga kaniki mpaka kidevuni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

Sauti yake ilikuwa kama mlango unaosuguana na sakafu. Nikamtajia jina la Bibi. Akageuza kichwa upande.

"Namjua. Ananisumbua huyo. Asubuhi ananiita, jioni ananiita."

"Kwa nini huendi, bibi?"

"Nitaendaje na mmenifunga?"

Nilidhani ni mzee aliyechanganyikiwa. Nikamwonea huruma. Akanyoosha mkono kwenye kidumu, na mkono ule ulikuwa na vidole vinne. Akasema hajanywa kitu siku nyingi. Maziwa yalikuwa ya mtoto, nilijua, lakini mtu mzima ananiomba, ningefanyaje? Nikamwagia kidogo kwenye kifuniko nikamwekea juu ya jiwe ili anyanyue.

Hakunyanyua. Aliinama.

Nilisikia ile sauti ya ulimi kwenye maziwa. Unaijua, kila mwenye mbwa anaijua. Halafu akakohoa, na maziwa yakarudi, yakatiririka kwenye kaniki, hayakupita kooni hata tone.

"Unaona?" akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Mwambie mwanangu aache kuniita. Aje anifungue."

Mwanae nani? Nikatazama chini nichukue kifuniko changu, maana nilitaka kukimbia na niliogopa kurudi nyumbani bila kifuniko. Nilipoinua macho jiwe lilikuwa tupu. Nikaligusa. Mawe yote pale yalikuwa yanaunguza. Pale alipokuwa amekaa palikuwa pa baridi, pana unyevu, na palinuka harufu niliyokuwa naijua.

Nilikimbia mpaka nyumbani, maziwa yakabaki nusu. Nikamkuta Bibi jikoni nikamwambia yote ya njiani. Sikutaja waya. Bibi alisikiliza anachochea moto, nikafikiri ataniambia nimepigwa na jua. Akauliza kitu kimoja.

"Vidole vyake ulivihesabu?"

"Vinne, bibi. Mkono wa kulia."

Akaacha kuchochea. "Cha shahada hakipo," akasema. "Samaki kamongo alimkata kwa meno, alikuwa anamtoa kwenye mtego wa mgono. Nilikuwa msichana kama wewe, nilimfunga mimi kidonda." Halafu akanitazama. "Mama yangu amefungwa na nani?"

Mimi nikatazama moto. Magesa ndiye aliyelia, pale pembeni ya mtungi: "Tulimpa kambwa. Jina tulimpa kambwa. Kalikuwa kanalia."

Nilisubiri fimbo. Bibi hakutupiga. Alikaa chini sakafuni taratibu, akauliza kambwa kalikuwa kanalia nini. Hapo ndipo nikasema habari ya waya.

Tukaenda ufukweni watatu. Mbwa alikuwa amejibanza kwenye ufa wa majabali, mbavu unazihesabu. Magesa akatumwa mbio kwa fundi baiskeli kuazima koleo. Bibi yangu, ambaye sikuwahi kumwona akigusa mbwa, alipiga magoti kwenye magamba ya dagaa akaingiza mikono miwili kwenye ufa.

"Mama," akamwambia mbwa. "Nimekuja. Watoto hawa hawakujua. Tulia nikufungue."

Mbwa akatulia. Bibi akayagawa manyoya na vidole, na tukaona. Sitaeleza tulichokiona, kuna watu wanasoma wanakula. Waya ulikuwa umezama. Koleo lilipofika Bibi hakumpa Magesa, alinipa mimi. "Uliyefunga ndiwe utakayefungua." Niliukata, na Bibi akauchomoa polepole huku anasema pole mama, pole mama.

Mbwa alivuta pumzi moja ndefu sana. Halafu akabweka. Mara moja tu, sauti nene ya mbwa mkubwa, mpaka wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakageuka.

Tulipofika nyumbani mama alikuwa analia mlangoni, nikajua tumechelewa. Kumbe analia kwa furaha. Alisema mtoto alifumbua macho, akatazama mlangoni kama anayepokea mgeni, akanyamaza kimya. Mama akajua amekufa. Akamtikisa, mtoto akatafuta ziwa. Ilikuwa saa ngapi, Bibi akauliza. Mama hakuwa na saa, lakini alisema kabla kidogo alikuwa amesikia mbwa anabweka ufukweni.

Mdogo wetu akaitwa Nyangeta, kanisani akabatizwa Rebeka. Mbwa tulimtibu kwa maji ya chumvi na majani aliyoyajua Bibi, akapona, manyoya ya shingoni hayakuota tena. Alihitaji jina lake mwenyewe. Bibi akasema mtachagua ninyi, na liwe la kuwafaa ninyi, sio yeye. Tukamwita Samahani. Hebu fikiria, kila ukitaka mbwa aje ale, unasimama uani unaita, "Samahani. Samahani." Majirani walituona wehu. Amekula kwetu miaka mingi, amekufa juzi juzi tu maduka yakiwa yamejaa sabuni za kila rangi, na Bibi alimsitiri kwenye shuka.

Nyangeta sasa ni msichana mrefu, mcheshi, anapenda shule kuliko mimi. Mbwa wa mtaa mzima wanamfuata, hata wakali. Na kuna jambo sijamwambia mama. Nyangeta akiwa na miaka minne nilikuwa namnywesha uji, na habari ile hakuna aliyewahi kumsimulia, Bibi alikataza. Akasukuma bakuli, akageuza kichwa upande, akaniambia, "Siku ile uliniwekea kidogo." Nikamuuliza siku ipi. Akacheka akakimbilia nje. Tangu hapo chakula chake mimi nampakulia mpaka kinamwagika, na yeye hata haulizi.

Basi wewe mwenye watoto wadogo, nakuomba kitu kimoja. Ukiweka gazeti hili chini nenda uani, muite mbwa wako, muite paka wako, pitisha vidole vyako mwenyewe shingoni, miguuni, chini ya mkia. Usimtume mtoto akuangalizie. Watoto wanapenda kweli, niliwahi kuwa mmoja wao, lakini wanafunga kitu halafu wanaenda kucheza. Na ukikuta mnyama wako alikuwa akilia na siku hizi halii tena, usifurahi. Mpapase leo leo, kabla jua halijazama.