Chai Niliyompa Mkubwa wa Ayalandi

Kosa langu mimi ni chai. Nilimpa mtu chai hali nimeambiwa nisimpe, na kwa chai ile mama wa rafiki yangu akakosa haki yake. Msinicheke kwanza. Nisomeni mpaka mwisho ndipo mcheke, kama mtaweza.

Mimi ni mama wa makamo, mzaliwa wa Mombasa. Naishi Crystal hapa Minnesota, Marekani, na nina kijiduka cha viungo, madera na mahamri. Wateja wangu ni wa kila namna. Msomali akiingia namwamkia Kisomali, Mkongo namtilia bonjour, Mmarekani namwambia hi, how are you. Ndivyo nilivyolelewa. Mgeni hasumbuliwi, unamfuata kwa lugha yake, kisha unampa kitu cha kunywa. Hata wanangu nimewafuata hivyo hivyo. Nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, na baada ya muda najikuta nimeshahamia huko kwao.

Bi Nora alianza kama mteja wa iliki. Ni mjane wa Kiairishi, aliyeolewa huku zamani akabaki, na nyumba yake iko mtaa wa nyuma ya duka langu. Alikuwa akija kila asubuhi, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anakunywa chai na kunisimulia ya kwao. Mimi nilidhani Waairishi wote lugha yao ni Kiingereza, nikamwambia hivyo. Akanitazama kama nimemtukana.

"Mimi sikujua Kiingereza mpaka nilipopelekwa shule," akasema.

Kumbe kwao, upande wa magharibi wa Ayalandi, kuna vijiji ambavyo Kiairishi ndicho cha jikoni na ndicho cha kugombana. Kwenye karatasi ni lugha ya taifa. Ukienda hospitali au ofisini unahudumiwa kwa Kiingereza, na ukilalamika unaonekana mkorofi. Halafu wenyewe nao wana tabia moja. Akiingia mtu mmoja asiyekijua Kiairishi, chumba kizima kinahamia Kiingereza ili asijisikie vibaya.

"Adabu ndiyo inayotumaliza," akaniambia. Nikacheka, nikamwongeza hamri. Niliyasikia hayo kwa masikio tu.

Bi Nora alikuwa na mama yake, bibi kizee, kwenye nyumba ya wazee kulekule kijijini kwao. Bibi alipata kiharusi, na kiharusi kikamfutia Kiingereza chote. Alibaki na Kiairishi chake cha utotoni. Wahudumu wa pale ni watu wema, lakini wametoka mbali na hakuna anayekielewa. Siku moja bibi alishinda analia na kusema neno lilelile, nao wakadhani ana kiu, wakawa wanampa maji. Kumbe alianguka akielekea chooni na nyonga imevunjika. Walijua kesho yake, Bi Nora alipopiga simu kutoka huku na kumsikiliza.

Tangu siku hiyo Bi Nora hakutulia. Yeye na wenzake wana ukumbi mjini Saint Paul, hapa jirani, wanamokutana kila Jumamosi kuzungumza Kiairishi, wazee waliozaliwa nacho na vijana wanaojifunza. Wakaanza kampeni. Waliandikia wabunge wa kule, wakapiga simu redioni, wakakusanya sahihi. Walichodai ni kitu kidogo mno: kila zamu kwenye nyumba za wazee za vijiji vile awepo mhudumu mmoja anayejua Kiairishi. Mmoja tu.

Sasa, kila mwezi wa Machi, sikukuu yao ikikaribia, serikali ya Ayalandi hutuma wakubwa wake kwenye miji yenye Waairishi wengi. Mwaka huo alikuja Saint Paul mkubwa mmoja ambaye ombi lile lilikuwa mezani kwake. Akakubali kupita ukumbini.

Mpango wa Bi Nora ulikuwa hivi. Yule bwana akiingia, nusu saa nzima hakuna Kiingereza. Alifundishwa Kiairishi shuleni kama watoto wote wa kule, akakiacha hukohuko. Basi akitaka kiti, akitaka choo, akitaka chai, aombe kwa Kiairishi. Akishindwa, akae hivyohivyo. Nusu saa ikiisha, Bi Nora atasimama amwambie kwa Kiingereza kwamba hivyo ndivyo mama yake Bi Nora anavyoishi, kutwa kucha. Hakukuwa na bango wala kelele.

Mimi nikapewa meza ya chai. Bi Nora aliniambia dukani, na tulipofika ukumbini akanikumbusha.

"Akikusemesha Kiingereza, wewe tabasamu tu. Usimpe kitu."

"Nimekuelewa, Bi Nora."

"Najua wewe na wageni. Nakuomba."

"Wallahi simpi."

Nimeapa, mnaona. Kwa mdomo wangu.

Bwana akaingia, masikio mekundu kwa baridi, maana nje theluji bado ilikuwa imejaa kando ya njia. Wakamwamkia kwa Kiairishi. Akajibu salamu vizuri. Wakamwuliza la pili, akababaika. La tatu akacheka peke yake. Akatafuta pa kukaa, hakuna aliyemvutia kiti. Mwisho akaja kwenye meza yangu, akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kama angeweza kupata chai.

Nikatabasamu.

Akaonyesha chupa ya chai kwa kidole. Nikatabasamu tena. Akanitazama, akaitazama ile chupa, akaurudisha mkono mfukoni. Uso wake ukabadilika. Cheko likamwishia, akawa kama mtoto aliyepotea sokoni. Mtu yule alikuwa ameanza kuelewa, na nilimwona kwa macho yangu anaanza kuelewa. Bi Nora alikuwa pembeni anatutazama, amekunja mikono.

Ingetosha nisimame tu. Kazi yangu yote ilikuwa kusimama.

Lakini mgeni yuko mbele ya chupa yangu, ametoka kwenye baridi, mkono mtupu. Kwetu hilo ni jambo la kuchekwa mtaa mzima. Niliona aibu mimi, si yeye. Nikasikia sauti yangu: "Milk and sugar, sir? It's so cold outside." Na kikombe nikakijaza mpaka juu.

Bwana akashusha pumzi. Nusu ya ukumbi nao wakashusha pumzi. Mzee aliyekuwa karibu akamwuliza kwa Kiingereza kuhusu safari yake, binti mmoja akamletea kiti, na kabla chai haijapoa watu wote walikuwa wanaongea Kiingereza na kucheka. Mahamri yakazunguka. Ilikuwa karamu nzuri, sitawadanganya. Mimi mwenyewe nilifurahi, nikamwongeza na viazi karai.

Ilipofika zamu yake ya kusema, bwana akasimama na kikombe changu mkononi. Akasema alipoingia alijisikia mgeni kidogo, mpaka dada huyu kutoka Kenya alipomfanya ajisikie nyumbani. Akanionyesha. Watu wakapiga makofi. Akasema jambo hili limemkumbusha kwamba moyo mwema hauhitaji lugha, na kwamba ana imani na wahudumu wa zile nyumba za wazee, kwa sababu nao wana moyo kama wangu.

Nilitamani sakafu inimeze. Mimi ndiye niliyekuwa hoja yake.

Bi Nora alisimama akasema yake, lakini aliyasema kwa watu walioshiba. Bwana akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akapiga picha nao, akaondoka.

Tulibaki wawili jikoni tunaosha vikombe. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza.

"Ulimwonea huruma?" akaniuliza.

"Nilimwonea, Bi Nora. Nisamehe."

"Alihitaji akae nayo kidogo ile hali," akasema. "Mama yangu anakaa nayo." Akanipa kikombe nikaushe.

Jibu la serikali ya kule lilikuja kabla ya kiangazi. Wamesema huduma iliyopo ina utu wa kutosha, na ombi halitaendelea. Wenzake wa ukumbini bado wanapigana, na wamesema wataanza upya. Bi Nora akasema mama yake hana muda wa kuanza upya.

Akauza nyumba. Mimi ndiye niliyemdrive hadi uwanja wa ndege, na kule akaagana na wajukuu wake, ambao ndiyo kwanza walikuwa wameanza kumjibu Kiairishi. Mdogo alimshika koti mpaka mama yake akaja kumtoa vidole kimoja kimoja. Mimi nilisimama na masanduku.

Sasa anakaa kule, kwenye kiti kando ya kitanda. Anasikiliza, anawafasiria wahudumu, asubuhi mpaka usiku, kazi ambayo angepewa mtu wa zamu. Juzi nilimpigia kwa video, nikamwona amekonda. Nikamwambia apumzike. Akasema, akienda kulala, mama yake hana wa kumwelewa mpaka aamke yeye. Kwa hiyo analala kidogo kidogo.

Hakunitajia chai. Hajawahi kunitajia tangu siku ile, na hilo ndilo linalonitoa usingizini.

Ninyi mnaosoma, hasa wenzangu wa Pwani tuliofundishwa kwamba mgeni kwanza, nawaomba kitu kimoja. Mtu akikuambia, "Nyamaza kwa ajili ya mama yangu," nyamaza. Mgeni akibabaika, mwache ababaike. Akikosa chai, atakunywa hotelini kwake. Mimi nilimhurumia mtu aliyekuwa na kiu ya dakika kumi, na sasa kuna bibi kizee ambaye binti yake akisinzia tu, anakuwa bubu.