Maswali Mawili ya Mlinzi

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani wa shule ya sekondari iliyojengwa na wananchi, upande wa Kishapu. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba. Mengine niliyapata kwa kusoma, hasa kijitabu chakavu cha sheria za kazi nilichokinunua mnadani Maganzo.

Mwaka huo ng'ombe waliingia kwenye mtama wa shule, wakala karibu nusu ya shamba. Mwenye duka mmoja aliwaona akipita na baiskeli, akawatambua kwa alama ya pajani: walikuwa wa mlinzi wa shamba. Kamati ikakaa bila kumwita. Mkuu wa shule akaniletea uamuzi kwenye kipande cha karatasi: mlinzi amelisha mifugo yake mali ya shule, aachishwe kazi leo.

Nilimwambia barua hiyo siwezi kuitaipu. Kwanza mtu aandikiwe kosa lake, apewe siku za kujieleza, aje na mwenzake, na amuulize maswali anayemshtaki.

"Karani, siku hizi umekuwa hakimu?"

"Hapana, mwalimu. Lakini hakimu akituuliza siku moja, litakalojibu ni faili, na faili natunza mimi."

Akanipa siku tatu, ila mlinzi asikanyage lango la shule. Mpishi akanitania kwamba nitataipu barua mbili kabisa, ya mlinzi na ya kwangu. Sikucheka sana. Mlinzi alikuwa na miaka kumi na mmoja kazini, na binti yake alikuwa kidato cha pili kwa mshahara huo.

Siku ya kikao, tuliyokaa ofisi ya kijiji, mlinzi alikuja na mpishi, amfasirie, maana Kiswahili chake kilikuwa kizito. Alimwamkia mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye mifugo mingi, kwa kuinama. Nikasoma shtaka. Akasema alama ni yake, hakatai. Wajumbe wakaanza kufunga madaftari. Nikawakumbusha kwamba bado hajamuuliza mwenye duka maswali yake.

Aliuliza mambo mawili tu. La kwanza, ng'ombe walipotoka shambani walielekea wapi. Mwenye duka akasema upande wa lambo.

"Nyuma yao alikuwa nani?"

"Mchunga ng'ombe wa mwenyekiti."

Mkuu wa shule akamuuliza mwenye duka mbona hakusema hivyo tangu mwanzo.

"Hamkuniuliza, mwalimu. Mliniuliza ng'ombe wa nani."

Kila Msukuma mle ndani alielewa. Mtu hawaweki ng'ombe wake wote zizini kwake; wengine huwakabidhi kwa mwingine awatunze, tunaita kubilisa. Anayewatunza hunywa maziwa, na wakila shamba la watu, anayejibu ni yeye. Mlinzi hakutaka kumtaja mzee kwa kinywa chake. Alitaka lisemwe na aliyeona.

Mwenyekiti alivua kofia. "Wako kwangu," akasema. "Mtama nitaurudisha mimi."

Kama alijua tangu mwanzo, sijui, na kwenye muhtasari sikuandika nisichokijua.

Alasiri hiyo niliitaipu barua kwa nakala tatu: mlinzi hana kosa, aendelee na kazi. Nilimsomea nje ya lango, akaomba nirudie, nikarudia polepole, neno kwa neno. Kisha akaikunja, akaiweka mfuko wa shati, akalisukuma lango kwa mikono yote miwili na kuingia.