Nyasi Zilizochovywa Dawa

Harmen Vredeveld alilima tulipu maisha yake yote, na mkulima wa tulipu ana dini mbili: ile ya kanisani, na ile ya kuchovya vitunguu vya maua kwenye dawa ya kuua ukungu kabla ya kuvipanda. Basi shemeji yake Geziena, mjane wa kaka yake, alipomwomba nyasi za kushikilia kilima cha mchanga mbele ya nyumba, maana Ziwa Michigan lilikuwa linakila, Harmen akazichovya nazo kwenye pipa la dawa hiyo. Alidhani anafanya hisani.

Walipanda Novemba. Yeye alifungua shimo kwa koleo, Geziena akainama kutia miche. Kufika kiangazi zote zilikuwa zimekauka, isipokuwa chache za mwisho ambazo dawa haikuzifikia.

"Ni vidole vyangu hivi," Geziena akasema. "Vimekakamaa. Nimezitia juujuu."

Mwezi wa Agosti mtaalamu mmoja wa mimea akamweleza Harmen kwamba ndani ya majani na mizizi ya nyasi zile huishi kuvu. Si ugonjwa, ni mwenzi wa nyasi, huzisaidia kuvumilia mchanga mkavu, na dawa ya ukungu huiua. Harmen akarudi nyumbani, asimwambie Geziena.

Kila Jumapili, mhubiri akianza tu, Geziena alimpitishia peremende kama ilivyo desturi ya kanisa lao. Mdomoni ikawa shubiri.

Novemba ikarudi. Harmen alikuja na koleo, akamkuta Geziena anapanga sahani kwenye maboksi.

"Nauza, shemeji. Kilima kinakwenda, na mikono hii haifai tena."

"Mikono yako haina kosa. Ni mimi. Nilizichovya dawa ya tulipu."

"Umejua lini?"

"Agosti."

"Agosti!" Akaweka sahani chini. "Na peremende zangu ukawa unamung'unya tu, kama mbuzi?"

"Nilimung'unya."

"Kaka yako angekuchovya wewe kwenye hilo pipa."

"Na ingekuwa haki yake."

Geziena akavaa koti, akampokonya koleo. "Leo nachimba mimi. Wewe inama."

Wakapanda nyasi zilizong'olewa kwenye kilima cha zamani, pamoja na mchanga wake mizizini, bila dawa. Kiuno kilimwaka Harmen moto. Kila alipotaka kunyooka alisikia, "Bado, shemeji. Mstari haujaisha."

Maboksi yalibaki mlangoni, hayakufungwa wala hayakufunguliwa. Jumapili mhubiri alipoanza, Geziena akatoa peremende moja, akaila mwenyewe.