Aliyekuwa Chini ya Kope

Mama yangu alizaliwa pacha. Mwenzake alikufa kwa surua wakiwa bado wadogo, na nyumbani kwetu Bariadi hatukuzoea kumtaja.

Msimu mmoja wa kuvuna pamba, mama alilalamika maumivu nyuma ya jicho la kulia, akameza panado. Kisha kope la jicho hilo likaanguka, likafunika jicho. Jirani akamtania: "Mayu, unamkonyeza nani kila siku?" Mama akacheka. Lakini nilimwona, akidhani yuko peke yake, amesimama mbele ya kioo cha ukutani. Aliinua lile kope kwa kidole, akatoa taratibu salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma: "Mwangaluka." Akanyamaza, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Nilipomuuliza hakuficha. "Nikiliinua tunakuwa wawili. Mwenzangu amerudi." Akaendelea kuchambua pamba. "Ana mvi kama zangu."

Hospitalini daktari alimulika macho yote kwa tochi. Mboni ya kushoto ilisinyaa. Ya kulia ilibaki pana, nyeusi, kana kwamba tochi haikuwepo. Alisema huenda mshipa wa damu kichwani umefura, kama tyubu ya baiskeli mahali palipochakaa, na unabana neva ya jicho. Kipimo cha Mwanza kilithibitisha. Ilibidi fuvu lifunguliwe, pale palipofura pabanwe kwa kibanio kidogo kabla hapajapasuka.

"Na huku kuona wawili?" mama akauliza.

"Kutaisha, tunatumaini."

"Basi sitaki."

Daktari alinitazama. Nikamshika mama mkono, tukatoka. Nje, kwenye benchi, nilimwambia mama: "Huo mshipa ukipasuka, mtakufa wote wawili."

Mama akainua kope, akatazama pale pembeni yangu ambapo hapakuwa na mtu.

"Huyu alishakufa mara moja," akasema. "Haitoshi?"

Akakubali.

Alipasuliwa Dar es Salaam, akapona. Kope lilipanda polepole sana, na kwa muda mrefu aliendelea kuona viwili viwili. Asubuhi moja, tukiwa tumesharudi nyumbani, akaniita kwenye kioo. Macho yote yalikuwa wazi.

"Amebaki mmoja."

"Yupi?" nikamtania.

Hakucheka. Alisogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Mwangaluka," akasema.

Tukasubiri, wote wawili.